Titi, Mtoto na Siku Arobaini: Majibu kwa Wasomaji wa Lamu na Malindi

Barua za toleo hili zimetoka Langoni mpaka Watamu, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: maziwa yangu yanamtosha mtoto? Wakunga na wauguzi wanaojibu ukurasa huu wanawaomba wasomaji washike neno moja kabla ya kuendelea. Titi si mtungi unaojazwa ukangoja kutekwa. Hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa au kukamuliwa, na likiachwa limejaa hupunguza kazi.

SIKU YA TATU NA MAZIWA HAYAJASHUKA

Assalamu alaikum. Nimejifungua mtoto wa kike, uzazi wangu wa kwanza. Leo ni siku ya tatu na kinachotoka ni matone ya manjano tu. Mwana amelia usiku kucha. Mavyaa wangu anasema ana njaa, tumpe maji ya glukosi mpaka maziwa yashuke. Nifanyeje?
Mzazi wa Langoni, Lamu

Waalaikumu salaam, na hongera kwa mtoto. Hayo matone ya manjano ndiyo maziwa yenyewe. Ni dang'a: nzito, imejaa kinga, na huja kidogo kwa sababu tumbo la kichanga ni dogo. Siku ya kwanza kila anaponyonya hupata kama kijiko kimoja cha chai au pungufu, na humtosha. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya nne. Uzazi wa kwanza, upasuaji, kutokwa na damu nyingi au kisukari huweza kuyachelewesha kidogo. Kwa hiyo wewe hujachelewa.

Usiku wa pili na wa tatu watoto wengi hutaka titi kila saa, pengine kila nusu saa. Kila mtoto anapovuta, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini, inayotengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Prolaktini hupanda zaidi usiku, ndiyo maana kunyonyesha usiku hakuna mbadala wake. Ukimpa glukosi itakuwa hivi. Tumbo litajaa maji matamu, atalala saa tatu au nne, na titi halitaombwa kitu muda wote huo. Kesho maziwa yatakuwa machache kuliko yalivyopaswa kuwa, atalia tena, ataongezwa glukosi. "Sina maziwa" nyingi tunazoletewa kliniki zilianzia kwenye kikombe hicho.

Leo hii mvue mtoto nguo zote ila nepi, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mjifunike leso pamoja. Usingoje alie. Akigeuza kichwa huku na huku, akitoa ulimi, akipeleka mkono mdomoni, mpe titi. Kilio ni dalili ya mwisho ya njaa, na mtoto anayelia hawezi kushika titi vizuri. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Zikipita saa tatu amelala, mwamshe: mbadilishe nepi, msugue nyayo. Mwache amalize titi la kwanza mpaka aliachie mwenyewe, ndipo umpe la pili. Katikati kamua matone kwa mkono juu ya kijiko safi umpe.

Utajua anapata kwa kutazama nepi, maana saa ya ukutani haiwezi kukwambia. Siku ya kwanza nepi moja ya mkojo, ya pili mbili, ya tatu tatu. Kuanzia siku ya tano ziwe sita au zaidi, na mkojo uwe mweupe. Nepi za dukani hunyonya sana hata mtu akadhani mtoto hakukojoa: mimina vijiko vitatu vikubwa vya maji kwenye nepi kavu uipime mkononi, ndio uzito wa nepi iliyokojolewa. Choo huanza cheusi kinachonata kama lami, hugeuka kijani, na kufikia siku ya tano kiwe cha manjano chenye chembechembe. Ukiona madoa ya rangi ya tofali kwenye nepi baada ya siku ya nne, hapati maziwa ya kutosha, na mshiko wake ukaguliwe siku hiyo.

Uzito nao hushuka kwanza. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 akipoteza gramu 200 hivi katika siku za mwanzo, si neno. Akipoteza 300, yaani asilimia 10, lazima aonwe na mhudumu. Kufikia wiki mbili awe amerudia uzito wa kuzaliwa.

Yako mambo ambayo hayangoji kuche: mtoto asiyeamka kunyonya, mwenye joto la 37.5 au zaidi, aliye baridi mwili mzima, anayepumua mbio huku kifua kikibonyea, aliyedegedeka, au aliyekuwa manjano mpaka viganja na nyayo. Huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo. Na daktari akisema anahitaji nyongeza, ya kwanza ni maziwa yako uliyoyakamua, kwa kikombe. Glukosi haimo katika orodha.

Mavyaa wako usimpige vita. Kilio cha mjukuu kinamuuma. Mpe kazi: ampokee mtoto baada ya kunyonya amcheulishe, na usiku akuletee uji wa pilipili manga ungali moto.

CHUCHU ZIMEPASUKA

Nina wiki mbili tangu nipasuliwe. Kila mtoto akishika titi naumia mpaka vidole vya miguu vinajikunja, na chuchu zimechanika zinatoa damu. Nimeanza kuogopa saa ya kunyonyesha.
Mama wa Maweni, Malindi

Pole sana, dada. Maumivu ya sekunde chache mtoto anapoanza kuvuta ni ya kawaida katika wiki ya kwanza. Maumivu yanayoendelea mpaka mwisho si ya kuvumiliwa. Yanasema kwamba mtoto ameshika chuchu peke yake. Itazame chuchu mara tu anapoiachia. Ikiwa imebanwa imechongoka upande mmoja, au ina mstari mweupe katikati, inasagwa kati ya ulimi na kaakaa gumu. Mtoto hanyonyi chuchu, hunyonya titi: sehemu kubwa ya duara jeusi iingie mdomoni, chuchu ifike nyuma kule kaakaa linapolainika. Hapo hakuna cha kuisaga.

Kwa mwenye kidonda cha upasuaji mkao mzuri ni wa kwapani. Weka mto ubavuni, mlaze mtoto juu yake, miguu ielekee mgongoni kwako chini ya mkono, kiganja chako kishike mabega yake na vidole vitegemeze shingo. Usimsukume kisogo, mtoto anayesukumwa kisogo hujinyoosha nyuma akakataa. Mwili wake uwe mstari mmoja, sikio, bega na nyonga, na awe amekuelekea. Anayepinda shingo kutafuta titi hawezi kumeza, nawe jaribu kumeza maji huku umetazama begani.

Shika titi kwa mkono mwingine, gumba juu, vidole vinne chini, mbali na ule weusi. Pua yake ielekee chuchu, si mdomo. Gusa mdomo wa juu kwa chuchu na ungoje. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Ngoja mpaka afungue mdomo wote kama anayepiga mwayo, kisha mlete yeye kwenye titi kwa haraka, kidevu kitangulie. Usiliinamishe titi kumfuata. Mgongo utauma na mshiko utateleza.

Ameshika vizuri ikiwa kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umepinduka nje, mashavu yamejaa, na weusi unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Utasikia mvuto mmoja au miwili kisha mmezo. Ukisikia mlio wa tk, tk, au mashavu yakabonyea ndani, mshiko umeteleza. Mwachishe kwa kuingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo ili hewa ipite, wala usimvute. Anza upya, hata mara kumi. Siku moja ya kuanza upya ina nafuu kuliko mwezi wa kuvumilia.

Vidonda vyenyewe hupona upesi mshiko ukirekebishwa. Baada ya kunyonyesha pakaza matone ya maziwa yako, yakauke kwa hewa. Sabuni, spiriti na dawa ya meno visiguse hapo. Anzia titi lenye nafuu. Lenye kidonda likizidi kuuma, lipumzishe saa 24 lakini ulikamue kila mtoto anaponyonya, vinginevyo utatibu kidonda upate uvimbe.

Mshiko ukiwa mzuri na maumivu yakabaki, tafuta sababu nyingine. Kuungua kunakoendelea baada ya mtoto kumaliza, pamoja na utando mweupe mdomoni mwake usiofutika, huwa ni fangasi. Mama na mtoto hutibiwa siku moja, ama sivyo wataambukizana tena. Ulimi ambao ncha yake hukunjika kama kopa la karata mtoto anapolia huenda umefungwa na utando mfupi chini yake, na mhudumu autazame.

MAJI, ASALI NA TENDE

Mjukuu wangu amezaliwa kaskazi hii. Mkaza mwanangu ameambiwa kliniki asimpe kitu ila titi miezi sita. Sisi wetu tuliwapa maji, asali na tende, na wamekuwa watu wazima. Kwa joto hili mwana hatokufa na kiu?
Nyanya wa Shela, Lamu

Shikamoo, nyanya. Swali la kiu ni la haki, kwani Januari na Februari Lamu mtu mzima mwenyewe hutweta. Lakini karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, tena maji yaliyochujwa na mwili, yasiyopita kisimani wala kwenye birika. Yanayotangulia kutoka katika titi lililojaa huwa mepesi, mafuta yakaongezeka kadiri linavyopungua. Siku za joto mtoto ataomba titi mara nyingi zaidi, dakika chache chache, hapo anakunywa. Mkojo wake ukiwa mweupe hana kiu. Wa kupewa maji ni mama: awekewe gilasi mkononi kila anapokaa kunyonyesha.

Asali, tafadhali nyanya, isimguse mtoto kabla ya mwaka mmoja. Huweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo kuchemsha kwa nyumbani hakuziui. Utumbo wa mtu mzima huzishinda. Ndani ya utumbo wa kichanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumua. Ni nadra, lakini ikitokea ni msiba.

Tende ya tahniki, ile anayopakwa kichanga kaakaani, ni sunna na hatuichezei. Ushauri wa afya ni kwamba mtoto asimeze kitu kingine, kwa hiyo jambo hili lifanywe kwa uangalifu mkubwa. Anyonye titi kwanza, ndani ya saa ya kwanza. Kisha anayemfanyia aoshe mikono kwa sabuni, na awe hana kikohozi wala kidonda mdomoni. Badala ya kuitafuna, alainishe tende kwa matone ya dang'a ya mama, apake kaakaa kwa ncha ya kidole, alama tu, pasiwe na kipande cha kumezwa. Samli, uwatu na maji ya dawa ya tumbo viachwe kabisa.

Vyakula vya mzazi viendelee: supu ya samaki au pweza, uji, ndizi, mboga. Mama anayenyonyesha anahitaji kama kalori 500 zaidi kwa siku, sawa na mlo mmoja mdogo wa ziada. Uwatu kwa mama hautusumbui, ila hakuna uji unaoleta maziwa ikiwa mtoto hanyonyi.

TITI GUMU NA HOMA

Titi la kulia limekuwa gumu upande mmoja, jekundu, na tangu jana nina homa na kutetemeka. Nimeambiwa maziwa yameoza, nisimpe mtoto. Mkandaji anataka kunikanda kwa maji ya moto.
Mama wa Siyu

Maziwa hayaozi ndani ya titi. Mtoto anaweza kunyonya titi hilo, na ni muhimu lisiachwe likajaa. Kukandwa kwa nguvu usikubali: tishu ndani zimevimba, na kuzisaga huongeza uvimbe na kuvunja mishipa midogo. Nyonyesha kama kawaida yako, usikamue kupita anachohitaji mtoto. Baina ya mara moja na nyingine weka kitambaa kilicholowa maji ya baridi, au barafu ndani ya kitambaa, dakika 10 hadi 15. Ukisikia maziwa yamegoma kutoka, joto la kadiri kabla tu ya kunyonyesha husaidia kidogo. Paracetamol au ibuprofen ni salama kwa anayenyonyesha. Mwenye vidonda vya tumbo asitumie ibuprofen. Lala, na mwingine apike.

Hizo ni hatua za siku moja. Wewe tayari una homa tangu jana na unatetemeka: nenda zahanati leo ukapewe antibiotiki inayoruhusiwa kwa mama anayenyonyesha, na uimalize hata homa ikitoka. Kwenu boti husubiri maji kujaa, basi panga safari kwa maji ya leo usingoje ya kesho. Uvimbe ukibaki baada ya dawa, ukawa laini katikati, huenda ni jipu. Hupigwa picha ya ultrasaundi na kutolewa usaha, na bado kunyonyesha huendelea.

KUBEMENDA

Mtoto wangu ana miezi minne. Shangazi anasema nikirudi kwa mume wangu kabla hajaacha titi nitambemenda. Je, ni kweli maziwa huharibika?
Mama wa Mambrui

Si kweli. Kukutana na mumeo hakubadili maziwa. Walichokiona wazee, hata hivyo, walikiona kwa macho: mtoto aliyeachishwa ghafla kwa sababu mama ameshika mimba nyingine, akapewa uji mwepesi, akakonda, akaharisha. Kilichomkondesha ni kunyimwa titi na chakula duni. Hata ukishika mimba, kama ni ya salama unaweza kuendelea kunyonyesha.

Kuzuia mimba ndilo jambo la kuzungumza. Kunyonyesha kwenyewe hukinga kwa zaidi ya asilimia 98, kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajafika miezi sita, damu ya mwezi haijarudi, na ananyonya titi tu, mchana na usiku, bila kukaa zaidi ya muda wa saa nne mchana au wa saa sita usiku kabla ya kunyonya tena. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Sindano, kipandikizi, koili na vidonge vya homoni moja havizuii kunyonyesha. Vidonge vya homoni mbili, vyenye estrojeni, visubiri miezi sita, kwani huweza kupunguza maziwa.

NINARUDI KAZINI

Nafanya kazi hotelini Watamu na nakaa Gede. Likizo inaisha mwezi ujao, mtoto atakuwa na miezi mitatu. Mwenye hoteli anasema hakuna mahali pa kukamulia ila chooni. Nianze maziwa ya kopo?
Mama wa Gede

Usianze. Sheria iko upande wako: Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, penye maji ya kunawa, kiti, meza na namna ya kuyapoza maziwa, na inasema wazi pasiwe chooni. Kando ya mapumziko ya chakula unastahili muda wa kukamua usiozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi. Mwandikie meneja barua wiki tatu kabla ya kurudi, taja sheria hiyo, pendekeza chumba: stoo ya shuka yenye mlango wa kufunga inatosha kuanzia. Barua ya heshima yenye pendekezo hufungua milango mingi kuliko mabishano ya siku ya kwanza.

Jifunze kukamua wiki mbili kabla. Nawa mikono, kaa umeinama mbele kidogo. Weka gumba juu na kidole cha shahada chini, sentimita mbili au tatu nyuma ya chuchu. Sukuma vidole kuelekea mbavuni, kisha vibane pamoja, achia. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi wala usivute chuchu. Dakika ya kwanza huenda kisitoke kitu; endelea. Mtiririko ukipungua, zungusha vidole mahali pengine, kisha badilisha titi, ukirudia huku na huku kwa dakika 20 hadi 30. Kazini kamua kila baada ya saa tatu hivi, hata kama huna mahali pa kuyaweka, maana ukiacha, titi litapunguza.

Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita hunywa kama mililita 30 kwa kila saa usiyokuwapo. Ukikaa nje kwa muda wa saa kumi pamoja na safari, acha mililita 300, zigawe katika vyombo vitatu vya 100, vilivyochemshwa na vyenye vifuniko, kila kimoja na tarehe. Katika joto la pwani hii maziwa yatumike ndani ya saa nne yakiwa mezani. Kwenye kisanduku chenye barafu hukaa saa 24. Kwenye friji siku nne, yakiwekwa nyuma wala si mlangoni. Kwenye friza miezi sita. Umeme ukikatika na yaliyogandishwa yakayeyuka kabisa, yatumike ndani ya saa 24 kwenye friji, yasigandishwe tena. Yapashe kwa kuzamisha chombo kwenye maji ya vuguvugu, usiyachemshe motoni. Mafuta yakielea juu hayajaharibika, yatikise taratibu. Yanayobaki baada ya mtoto kunywa hutupwa baada ya saa mbili.

Anayebaki naye atumie kikombe, si chupa. Kikombe kidogo cha kahawa, kile cha kahawa chungu, kinafaa sana: huoshwa kikatakata, hakina pembe za kuficha uchafu. Mtoto akae wima mapajani, ukingo wa kikombe ukae juu ya mdomo wa chini, kiinamishwe mpaka maziwa yaguse mdomo tu, kisha aachwe alambe mwenyewe. Asimiminiwe, akimiminiwa yatampalia. Ukirudi jioni mpe titi kabla ya kuvua viatu, na usiku alale karibu nawe anyonye anapotaka. Siku za mapumziko ni titi tu.

WIFI YANGU AMNYONYESHE?

Nitalazwa siku chache. Wifi yangu ana mtoto wa miezi mitano na yuko tayari kuninyonyeshea mwanangu. Mume wangu anasita kwa sababu ya udugu wa titi.
Mama wa Mkomani, Lamu

Mumeo anasita kwa jambo la kweli. Katika madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na wengi Lamu, kunyonya mara tano kamili kabla ya miaka miwili humfanya mtoto kuwa mwana wa aliyemnyonyesha, na watoto wa wifi wakawa ndugu zake wasiooana naye. Maziwa yaliyokamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe huingia katika hesabu hiyo pia. Amueni pamoja, muulizeni shehe wenu, na mkikubali iandikwe na ijulikane na pande zote, kwa sababu matatizo huja miaka 20 baadaye wakati wa posa. Kwa upande wa afya, wifi apimwe kwanza virusi vya UKIMWI na homa ya ini ya B. Kabla ya hayo yote, uliza hospitali kama mtoto anaweza kukaa nawe wodini au kuletewa. Wagonjwa wengi waliolazwa wanaweza kunyonyesha, na dawa nyingi haziwazuii.

NINAISHI NA VIRUSI VYA UKIMWI

Natumia dawa kila siku. Jirani anashangaa kuniona nanyonyesha. Nimekosea?
Mama wa Malindi

Hujakosea, mama. Ukimeza dawa bila kukosa na virusi vikawa havionekani kwenye kipimo, hatari ya kumpitishia mtoto kwa maziwa huwa ndogo mno. Titi peke yake kwa miezi sita, kisha chakula pamoja na titi. Kuchanganya titi na uji au maziwa mengine kabla ya miezi sita ndiko kubaya, kwani huchubua utumbo wake na kufungua njia. Mpe mtoto dawa yake ya kinga kama ulivyoelekezwa, na usikose vipimo vyake, kuanzia cha wiki ya sita. Chuchu ikipasuka au titi likivimba, nenda kliniki siku hiyo, na kwa sasa nyonyesha titi lililo zima.

RAMADHANI

Nina mtoto wa miezi miwili. Nifunge?
Msomaji wa Faza

Umeruhusiwa kula. Katika Shafi, mama aliyehofia nafsi yake hulipa siku hizo baadaye; aliyehofia mtoto pekee hulipa na kutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayetegemea titi tu, sisi tunashauri uichukue ruhusa hiyo. Ukifunga na nepi zikapungua chini ya sita, au ukaona kizunguzungu na mkojo mweusi, fungua siku hiyo.

NA BABA JE?

Naendesha boti Mokowe. Mke wangu amejifungua wiki iliyopita, yuko kwa mamake mpaka arobaini. Kila nikienda naambiwa nikae sebuleni. Nisaidieje?
Baba wa Mokowe

Omba kuingia, kaka, kwa adabu na mapema jioni, wakati mama mkwe wako amechoka. Usiende na zawadi tu, nenda na kazi. Saa ya kunyonyesha mletee maji, mpange mito, mchukue mtoto akimaliza, umweke begani na kumpapasa mgongo mpaka acheue. Nepi ni zako. Mtoto akilia na ameshanyonya, mlaze kifuani kwako umevua shati. Ngozi ya baba nayo humtuliza. Daftari la kuandika nepi na mara za kunyonya likae kwako, na siku ya kliniki ndiwe wa kulipeleka pamoja na kitabu cha mama na mtoto.

Jambo moja mchunguze wewe, maana wageni hawatalikuta. Machozi ya siku ya tatu hadi ya kumi ni ya kawaida na hupita. Yakizidi wiki mbili, au akawa halali hata mtoto akilala, hali chakula, hamtaki mtoto, au anasema heri asingekuwapo, usingoje arobaini iishe wala usimwache peke yake. Mpeleke hospitali, na useme waziwazi kwamba umekwenda kwa ajili yake yeye. Ziko dawa zinazotumika huku mtoto akiendelea kunyonya.